Ten ya 1991 au Ten ya 2009: uanze na ipi?

Swali: Kaka yangu aliniachia CD ya Ten, albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Pearl Jam, na nimeipenda kupita kiasi. Nilipoitafuta kwenye simu nikakuta mbili: moja inaitwa Ten, nyingine Ten Redux. Nyimbo ni zilezile kumi na moja, ila sauti haifanani, mpaka nikadhani bendi ilirudi studio ikarekodi upya. Ipi ndiyo halisi? Kwa nini bendi iliyofanikiwa kiasi kile irudi kuigusa albamu yake ya kwanza? Na mtu akitaka kununua toleo moja tu, achukue lipi?

Jibu:

Hawakurekodi upya. Sauti ya mwimbaji Eddie Vedder unayoisikia kwenye Redux ni ileile aliyoiimba mwaka 1991, na magitaa ni yaleyale. Kilichobadilika ni miksi. Nikikujibu kwa ufupi kabla hatujaingia ndani: albamu yenyewe ni ile ya 1991, anza nayo na uizoee. Redux ifuate baadaye, ukishakuwa na hamu ya kujua kila mpigaji alikuwa anafanya nini. Wapo mashabiki wengi watakaokuambia kinyume, kwamba Redux ndiyo Ten "iliyorekebishwa". Sikubaliani nao, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na ufundi, maana bila huo maelezo mengine hayatakaa sawa. Bendi inaporekodi studio, kila chombo hupewa njia yake kwenye mkanda. Ngoma ya mguu ina njia yake, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) yake, matoazi yake, halafu besi, gitaa la rithimu, gitaa la solo, mwimbaji, waitikiaji. Kumiksi ni kukaa mezani na njia zote hizo na kuamua nani asogee mbele, nani arudi nyuma, nani akae kushoto, nani kulia, na kila mmoja apewe mwangwi kiasi gani. Kazi ikiisha zinabaki njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia, ambazo ndizo wewe unazisikia. Kumasta huja baada ya hapo. Fundi huchukua zile njia mbili akasawazisha besi na sauti za juu, akaweka nyimbo zote kwenye kiwango kimoja, akatayarisha nakala ya kiwandani. Hapo hawezi tena kumwambia mpiga dramu asogee. Fikiria picha ya pamoja: kumasta upya ni kuongeza mwanga na kusafisha rangi za picha iliyokwisha kupigwa, ilhali kumiksi upya ni kuwapanga upya watu waliosimama.

Toleo lililotoka tarehe 24 Machi 2009 lilikuwa na vyote viwili ndani ya jalada moja, na ndipo watu wanapopotea. CD ya kwanza ilikuwa miksi ya zamani iliyomastiwa upya. CD ya pili ilikuwa miksi mpya kabisa iliyofanywa na prodyuza Brendan O'Brien, na hiyo ndiyo Redux. Kwa hiyo zipo Ten tatu za kusikiliza: CD ya awali kama hiyo ya kaka yako, miksi hiyohiyo iliyong'arishwa mwaka 2009, na Redux. Tofauti kati ya mbili za kwanza ni ndogo, na kwa spika za simu pengine hutaigundua. Tofauti kati ya hizo na ya tatu humshtua hata asiyejali mambo ya mitambo, kama ilivyokushtua wewe.

Sasa kwa nini waliigusa. Inabidi ujue bendi hii ilikuwa changa kiasi gani ilipoingia studio. Stone Gossard wa gitaa la rithimu na Jeff Ament wa besi walikuwa wametoka kwenye msiba. Bendi yao ya kabla, Mother Love Bone, ilimpoteza mwimbaji wake Andrew Wood mwezi Machi 1990 kwa dawa za kulevya, na albamu yao ya kwanza ikatoka yeye akiwa ameshazikwa. Gossard akaanza kupiga na Mike McCready wa gitaa la solo, Ament akaungana nao, wakarekodi muziki mtupu bila maneno, na kaseti ikapitia mikononi mwa mpiga dramu Jack Irons hadi kwa kijana wa San Diego aliyekuwa akifanya kazi usiku kwenye kituo cha mafuta. Kijana huyo, Vedder, aliyapata maneno akiwa baharini anateleza kwenye mawimbi. Akarudi nyumbani akaimba juu ya ile kaseti nyimbo tatu, Alive ikiwa mojawapo, akairudisha Seattle. Tarehe 22 Oktoba 1990 walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa Off Ramp, wakijiita Mookie Blaylock kwa jina la mchezaji wa mpira wa kikapu. Jina hilo walilazimika kuliacha, lakini namba ya jezi yake, kumi, ikabaki kuwa jina la albamu.

Machi 1991 walikuwa studio. Hesabu mwenyewe: ni miezi mitano tu tangu wapande jukwaani kwa mara ya kwanza. Walirekodi London Bridge, studio ya kule kwao Seattle, chini ya prodyuza Rick Parashar, ambaye mwenyewe alipiga piano na ogani humo ndani. Kazi haikuwa nyepesi kila mahali. Even Flow ilipigwa na kurudiwa makumi ya mara mpaka, kwa maneno ya McCready, wakachukiana, na hata baada ya albamu kutoka waliirekodi tena mwaka 1992. Mpiga dramu, Dave Krusen, aliiacha bendi muda mfupi baada ya kurekodi. Mkumbuke Krusen, nitamrudia.

Kisha mikanda ikapelekwa Uingereza, kwenye studio ya Ridge Farm huko Dorking, shamba la zamani lililogeuzwa studio, kwa Tim Palmer aliyechaguliwa kuimiksi. Kuna watu wanaomzungumzia Palmer kama mtu aliyeharibu kitu. Huko ni kumwonea. Palmer aliisikiliza ile mikanda kama albamu kubwa ya roki, akaijengea nafasi kubwa. Sauti ya Vedder imezungukwa na mwangwi mrefu, kana kwamba anaimba kwenye ukumbi mtupu usiku, snea inapigwa na kuacha mkia, magitaa mawili yanayeyukiana hadi huwezi kusema kwa hakika Gossard anaishia wapi na McCready anaanzia wapi. Ndivyo roki kubwa ilivyokuwa ikimiksiwa miaka ile. Na hakufanya kazi kwa uvivu. Alimfanya McCready amalizie solo ya Alive palepale Ridge Farm, akaushughulikia mwanzo wa Black, na katika Oceans, kwa kuwa shamba lile lilikuwa mbali na mahali pa kukodi vyombo, akatumia kichupa cha kunyunyizia pilipili manga na mtungi wa kuzimia moto kama vyombo vya kugonga na kutikisa. Sikiliza Oceans tena ukiwa na hedifoni, acha sauti ya Vedder ipite, ufuatilie kinachogongwa na kutikiswa chini yake. Wimbo ule unasogea kama maji, na vitu hivyo viwili vya jikoni na ukutani vimo ndani yake. Kwangu huo ni umiksi wa mtu anayeupenda wimbo.

Albamu ilitoka tarehe 27 Agosti 1991 kupitia kampuni ya Epic, takriban mwezi mmoja kabla ya Nevermind ya Nirvana. Haikulipuka. Ilipanda polepole, bendi ikizunguka na kupiga, hadi mwaka 1992 ilipofika nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard. Leo nchini Marekani pekee imethibitishwa kwa nakala milioni 13.

Tatizo lilikuja na albamu zilizofuata. Kuanzia Vs. ya mwaka 1993 walifanya kazi na Brendan O'Brien, na O'Brien ana mkono tofauti kabisa. Anapenda chombo kisikike kikavu, karibu, kama vile umekaa chumba kimoja na bendi wakati wa mazoezi. Walikaa naye albamu nne mfululizo, na sauti hiyo kavu ikawa ndiyo sauti ya Pearl Jam, jukwaani na studio. Kadiri walivyoizoea, ndivyo Ten ilivyozidi kuwa mgeni katika nyumba yao wenyewe. Mwaka 2002 Ament alisema hadharani kwamba angetamani kuimiksi upya, si kubadilisha walivyopiga, bali kuupunguza ule mwangwi tu. Vedder naye amesema kwamba albamu ya kwanza ndiyo inayomsumbua kuisikiliza, kwa sababu ya sauti yake. Mwaka 2004, kwenye mkusanyiko wao wa nyimbo bora uitwao rearviewmirror, walijaribu maji kwa mguu: Once, Alive na Black ziliwekwa zikiwa zimemiksiwa upya na O'Brien. Nyimbo hizo tatu ndizo zilizofungua mlango wa Redux.

Na hapa kuna jambo ambalo mashabiki wa Redux hulisahau. O'Brien mwenyewe alisita. Aliona kwamba sauti ya awali ndiyo ambayo mamilioni walinunua na kuipenda, na hakutaka kuichezea. Bendi ilimsukuma kwa miaka, na alikubali pale alipoanza kuiona kazi yake kama mwandani wa albamu ya awali, kitu cha kuwekwa pembeni yake. Ndiyo maana zilitoka pamoja ndani ya jalada moja. Mtu aliyeshika meza kwa mikono yake hakuwa na nia ya kuifuta miksi ya Palmer. Sioni sababu ya sisi wasikilizaji kuwa wakali kuliko yeye.

Lakini usinielewe kwamba Redux ni ya kupuuzwa. Kuna nyimbo ambazo, kusema kweli, zinapumua vizuri zaidi humo. Chukua Porch, wimbo wa haraka, wa hasira, usio na subira. Kwenye miksi ya 1991 hasira ile inatoka mbali kidogo. Kwenye Redux Vedder yuko usoni kwako kuanzia neno la kwanza, na gitaa linakwaruza bila pazia. Once nayo inafaidika, na hata Even Flow, ambayo mdundo wake ni wa kuchezeka kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukisikiliza Redux kwa wimbo huo ndipo unapomwelewa Krusen. Huyu ndiye mtu aliyeumia zaidi na mwangwi wa 1991. Dramu zikipewa mkia mrefu, pigo dogo linalofanyika kati ya mapigo makubwa humezwa, na Krusen ni mpigaji wa vitu vidogo: anachelewesha kidogo, anagusa toazi pale usipotarajia. Alirekodi albamu moja, akaondoka, na kwa karibu miaka kumi na minane wengi wetu tulikuwa hatujamsikia sawasawa. Kwa hilo tu, Redux inastahili kuwapo.

Besi ya Ament pia. Jeremy ilizaliwa kwenye besi ya nyuzi kumi na mbili, chombo adimu chenye mlio unaokaribia piano ukikipiga kwa juu, na ukitaka kuusikia ulivyo, Redux inakusogeza karibu nao.

Halafu sikiliza Black kwenye zote mbili. Huu ni wimbo wa mtu aliyeachwa, na nusu ya mwisho hauna tena maneno ya maana, ni sauti tu inayorudia na kurudia juu ya gitaa la McCready. Katika miksi ya Palmer sauti hiyo inazama taratibu ndani ya magitaa hadi mwimbaji na bendi wanakuwa kitu kimoja kinachoondoka. Katika Redux sauti inasimama peke yake mbele, kavu, kila pumzi ikionekana. Ni uimbaji mzuri mno, sikatai, lakini nikiusikia hivyo nakuwa namtazama mtu analia mbele yangu, wakati miksi ya 1991 inanifanya nilie naye. Hali ni hiyohiyo kwa Release, wimbo wa kufunga, ambao Vedder anamwelekea baba yake mzazi aliyekufa kabla yeye hajajua kwamba ndiye baba yake. Mwito wa namna ile unahitaji umbali. Ule mwangwi wanaoulalamikia ndio umbali wenyewe. Ukiuondoa, maneno yanabaki, na pengo lililokuwa kati ya anayeita na anayeitwa linazibwa.

Ndiyo sababu nasema anza na 1991. Hata wapigaji wenyewe wanaweza kuichoka sauti ya ujana wao, ni haki yao, lakini albamu haiundwi na nyimbo na wapigaji peke yao. Ndani yake kuna chumba, kuna mtu aliyekaa mezani, kuna mazoea ya wakati ule. Ten ni albamu ya vijana watano ambao hawakujua kama watafika mwaka ujao, waliopewa sauti kubwa kuliko wao, na ukubwa huo unasikika. Hata jalada lake lina habari ya namna hiyo: Ament alikusudia rangi ya damu ya mzee na picha nyeusi na nyeupe, ikatoka ya waridi, na ile ya waridi ndiyo dunia inayoijua.

Jambo moja la kuzingatia unapolinganisha mwenyewe. Sikio la binadamu hudanganyika na ukubwa wa sauti. Ukicheza nyimbo mbili, ile iliyo juu kidogo itaonekana bora, hata kama ni wimbo uleule. Matoleo mapya ya miaka ya 2000 kwa kawaida yamesukumwa juu kuliko CD za mwanzoni mwa miaka ya tisini, hivyo Redux ikianza tu baada ya CD ya kaka yako itakuwa imeshakushinda kabla Vedder hajafungua mdomo. Punguza sauti ya Redux hadi zilingane, kisha uhukumu. Chagua sehemu moja fupi, kwa mfano kiitikio cha kwanza cha Alive, uende na kurudi. Na zima vile vidude vya simu vya kuongeza besi, vinaziba tofauti unayoitafuta.

Kuhusu kununua. Ukiona neno Redux au jina la Brendan O'Brien pembeni ya wimbo, hiyo ni miksi mpya. Ukiona Ten peke yake au imeandikwa tu kwamba imemastiwa upya, hiyo ni miksi ya Palmer. Mwaka 2009 yalitoka matoleo manne. La kawaida, liitwalo Legacy, lina CD mbili nilizokutajia, na ile ya pili ina nyimbo sita za nyongeza: Brother, Just a Girl, Breath and a Scream, State of Love and Trust, 2,000 Mile Blues na Evil Little Goat. Brother ndiyo ya kukimbilia. Ilikuwa imetoka mwaka 2003 ikiwa muziki bila mwimbaji, na humu kwa mara ya kwanza ina sauti ya Vedder. State of Love and Trust ni wimbo ambao ungeweza kukaa ndani ya albamu bila aibu yoyote. Just a Girl na Breath and a Scream ni za kusikia walikuwa wanatafuta nini. Mbili za mwisho ni za shabiki anayetaka kila kitu. Usitafute Yellow Ledbetter humo, haimo. Ulikuwa wimbo wa upande wa pili wa singo ya Jeremy, na baadaye ukawekwa kwenye mkusanyiko wa Lost Dogs.

Toleo la pili, Deluxe, linaongeza DVD ya onyesho lao la MTV Unplugged la mwaka 1992. Lipo la santuri mbili, moja kwa kila miksi. Na lipo kubwa kuliko yote, Super Deluxe, lenye CD, DVD na santuri, pamoja na tamasha lao la Septemba 1992 kwenye bustani ya Magnuson mjini Seattle, nakala ya ile kaseti Vedder aliyoirudisha kutoka San Diego, na nakala ya daftari lake. Ni sanduku zuri sana la kumiliki, lakini kwa mtu anayetaka muziki si la lazima.

Kwako wewe, mwenye CD ya awali mkononi tayari, nunua Legacy ikiwa unataka kitu kimoja tu. Utaipata Redux na Brother, na utabaki na mbili za Palmer za kulinganisha. Fedha ikiruhusu zaidi ya hapo, chukua Deluxe kwa ajili ya ile DVD. Dramu hapo zinapigwa na Dave Abbruzzese, magitaa ni makavu ya mbao, na hakuna mwangwi wa Ridge Farm. Sikiliza Black ya siku hiyo baada ya zile mbili.